Vidonge Ambavyo Mama Hakuvimeza

Mimi ni mtu wa kuwaka upesi. Wanafunzi wangu pale Bunia, mashariki mwa Kongo, walilijua hilo, na mama yangu alilijua kuliko wote, maana hasira hii niliirithi kwake. Ndiyo sababu aliponiambia kwamba anaumwa chini ya mbavu za kulia tangu juzi, nilimgombeza kwanza kwa kuficha ugonjwa, ndipo nikamuuliza anajisikiaje.

Alikuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia. Kwetu mtu akitetemeka ni malaria, hakuna anayeuliza mara mbili, nami nikampa dawa ya malaria. Siku ya tatu nilifungua dirisha nimwoshe uso, nikaona weupe wa macho yake umegeuka manjano. Niliita pikipiki, nikampakia katikati yangu na dereva, nikajifunga naye kwa kitenge kimoja asije akaanguka.

Daktari alikuwa kijana mwenye sauti ya chini. Alimpitisha mama kwenye mashine ya kutazama ndani ya tumbo, kisha akanichorea kwenye karatasi: hapa ini, hapa mrija mwembamba wa kupitisha nyongo, na hapa kijiwe kimekwama. Nyongo imesimama, vijidudu vimezaliana humo, na sasa vimeingia kwenye damu.

“Ile jiwe tutatoa, mama,” aliniambia. “Lakini kwanza tuzimishe moto yenye iko mu damu. Ile ndiyo inaua mutu.”

Wakamtundikia chupa ya serumu, maji ya kuingia mshipani, na asubuhi na jioni muuguzi akaja na dawa ya kuua vijidudu, akiipitisha kwenye mshipa. Mimi nilikaa pembeni nikitazama matone, nikimgombeza Mungu kimoyomoyo. Siku ya tatu homa ilishuka, mama akadai ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, akalalamika kwamba sombe haina chumvi. Nilitoka nje nikalia kwa furaha.

Daktari wa upasuaji alikuwa safarini, angerudi baada ya wiki moja. Tukaruhusiwa kwenda kumngoja nyumbani, na pakiti ya vidonge kumi na vinne: kimoja asubuhi, kimoja jioni, bila kuruka hata siku moja. Nilimkabidhi mama pakiti, nikarudi shuleni. Mtu mzima, nilisema, hahitaji kusimamiwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Siku ya tano akaanza kutetemeka tena, vibaya kuliko mwanzo.

“Binini alimeza?” daktari aliuliza tulipofika, akimaanisha vile vidonge.

“Nilimeza yote,” mama akajibu, macho ameyafumba.

Daktari akakunja uso. Basi dawa ile imeshindwa, alisema, vijidudu vimeizoea. Itabidi tuiache, tutafute nyingine, na ile nyingine haikuwepo Bunia. Ingeagizwa mbali, na hakuna aliyejua ingefika lini. Hapo nikachemka. Nilimpa za uso mbele ya wodi nzima, nikamwambia dawa zao ni chaki, tena chaki ya shuleni kwetu ni bora. Aliendelea kumpima mama shinikizo la damu, nami nikaondoka kwenda kuchukua blanketi, nikisema peke yangu njiani.

Mablanketi yote yalikuwa kwenye kamba, yamelowa. Likabaki moja tu, lile la mfuko wa kukimbia. Nyumba nyingi za watu waliowahi kukimbia vita zilikuwa na mfuko kama huo nyuma ya mlango: chumvi, kiberiti, sufuria ndogo, vyeti. Sisi tulikuwa tumetoka kijijini kwetu, Fataki, mbio mara mbili. Walisema vita imekwisha, lakini amani yetu ilikuwa ya kusikiliza kila mlio, na mfuko hatukuthubutu kuuondoa. Nilipovuta blanketi, kitambaa kilichofungwa fundo kikaanguka. Ndani yake mlikuwa na pakiti ya mama. Vidonge vitatu tu vilikuwa vimetoka.

Nilikaa sakafuni. Nilielewa papo hapo, na sikuweza hata kukasirika. Mara ya pili tulipokimbia, mdogo wangu wa kike alishikwa na homa njiani. Mama alimbeba mgongoni siku mbili, akiomba kila tuliyekutana naye walau kidonge kimoja, na hakuna aliyekuwa nacho. Tulimzika kando ya barabara. Tangu siku ile mama hakuwahi kumtaja, wala mimi sikuthubutu. Sasa alipata nafuu kwa vidonge vitatu, akaona vilivyobaki ni vya safari.

Nilirudi hospitalini mbio, nikaweka pakiti mezani kwa daktari. Aibu ilinishika mpaka shingoni.

“Dawa haikushindwa,” nikamwambia. “Hakuimeza.”

Angeweza kunicheka, nami ningestahili. Alishusha pumzi tu, akasema, “Mungu asifiwe,” akamwita muuguzi warudishe dawa ileile kwenye mshipa saa ileile. Kwa siku mbili mama hakunitambua, alikuwa hapa na hayupo. Siku ya tatu alinitazama, akaniuliza mbona nimekonda. Wiki ile daktari wa upasuaji alirudi, akamfungua, akakitoa kijiwe.

Tulirudi nyumbani na vidonge vingine vya siku chache. Safari hii nilimsimamia, kikombe mkononi, akifungua kinywa nikague chini ya ulimi, huku akinitukana kwa mapenzi. Kilipobaki cha mwisho, alikishika kiganjani muda mrefu.

“Hii moja uniachie.”

“Kunywa, mama.”

“Na vita ikirudi? Mutoto wako akipata homa mu njia, utamupa nini?”

Nilipiga magoti mbele yake, nikakunja vidole vyake juu ya kile kidonge.

“Haikukuwa makosa yako, mama,” nikasema. “Kunywa.”

Akameza. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu barabara ile, nilimsikia mama akimlilia mtoto wake kwa jina.