Umati wa Kukodi

Mama Umati kazi yake aliipata kwa kufukuza watu. Siku hiyo watu wa televisheni walikuja mtaani kwao na magari na nyaya zao, na mtaa mzima ukamiminika kutazama. Mwongozaji alitaka barabara tupu ampitishe msichana mmoja akilia, lakini kila akisema "haya!" panatokea mtu nyuma ya msichana anapunga mkono na kucheka. Walinzi walibembeleza mpaka wakakaukiwa makoo. Ndipo yeye, aliyekuwa akianua nguo, akaweka beseni chini, akatoka nje, akashika kiuno.

"Wewe, umeacha sufuria motoni. Wewe, mkeo anakutafuta tangu asubuhi. Na nyie wengine, kama hamna kazi za kufanya, njooni kwangu nizigawe."

Barabara ikawa nyeupe.

Kesho yake wale watu walirudi kumwomba kinyume chake: walihitaji wageni wa kujaza harusi ya kuigiza. Waliona kwamba anayejua kufukuza watu anajua pia wanapopatikana. Tangu hapo akaitwa Mama Umati, na jina lake la ubatizo likabaki kwa mumewe na kwa mama yake mzazi.

Miaka ikaenda. Akawa analeta wageni wa harusi, waombolezaji, abiria, wagonjwa wa kukaa kwenye foleni. Usidhani ni kazi ya lelemama. Waombolezaji wake walishikwa na kicheko mbele ya jeneza tupu. Mgeni mmoja wa harusi aliing'ata keki ya boksi iliyopakwa rangi nyeupe, kisha akalalamika kwamba imechacha. Mama Umati alikuwa akirudi nyumbani kila jioni akiapa kwamba ameacha, na asubuhi anajikuta yuko mlangoni kwa jirani akigonga hodi.

Kisha tamthilia ya wale watu wa televisheni ikaanza kukimbiwa na watazamaji. Mtunzi wake, bwana mmoja mwembamba aliyekuwa anatafuna kucha kana kwamba ndizo chakula chake, akamwita pembeni.

"Mama Umati, safari hii nataka watu wa kupandwa na mori."

"Mori wa nini?"

"Wa ugonjwa. Mtu mmoja anashikwa na hasira. Anamgusa mwenzake begani, naye anashikwa. Huyo anamgusa mwingine. Kufika jioni mji mzima unatwangana."

"Na wamekasirikia nini?"

"Hakuna. Ndiyo utamu wake."

Mama Umati akashusha pumzi. "Mwanangu, mtu hakasiriki bure. Hata mume wangu akinuna, ujue kuna soksi imepotea."

"Mama, tumewapa mapacha waliopoteana wakiwa wachanga. Tumewapa mimba. Tumewapa mtu aliyekufa akafufuka, tena mara mbili. Tumeishiwa. Watu wakipigana, hakuna anayebadilisha stesheni."

"Kwa hiyo mkiishiwa na maneno mnaleta ngumi."

"Kila mtu anafanya hivyo," alisema mtunzi, akarudia kucha zake.

Basi Mama Umati akaenda kukusanya wenye hasira. Akapata mafundi seremala, mama wa duka la vitambaa na wanawe, wastaafu wawili watatu, na watu wa kwaya ambao hawakukosa popote penye kamera. Akamchukua pia wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, aliyekuwa akiishi nao katika chumba cha uani. Huyu wifi alikuwa mkunga aliyestaafu. Nusu ya vijana wa mtaa walipita mikononi mwake siku ya kuzaliwa, na hata kuku wakitakiwa kuchinjwa alikuwa anaingia ndani na kufunga dirisha.

Kwenye hadithi alihitajika pia mtu mmoja ambaye ugonjwa haumshiki. Kwa sababu haumshiki, wote wanamgeukia yeye na kumkimbiza. Hapo wakamchukua fundi saa wa kona, mtu mfupi, mpole, mwenye miwani minene, ambaye hajawahi kugombana hata na saa iliyomshinda. Mkewe akawapigia simu ndugu wote wa pande zote mbili.

Walipiga picha kwenye yadi ya karakana ya zamani iliyokuwa haitumiki. Asubuhi yote ilikuwa balaa. Mwongozaji akisema "haya," watu wanavamiana kama wanaopokea wageni.

"Samahani jirani, nimekuumiza?"

"Hata kidogo. Endelea tu."

"Kata!" alifoka mwongozaji. "Mgonjwa wa hasira haombi samahani!"

Wakaanza tena. Seremala mmoja akamshika mwenzake shingoni, mwenzake akatekenyeka, akacheka. Kicheko kikamdaka wa pembeni, kikarukia kwaya, kikaenda mpaka kwa mbeba taa. Kama kulikuwa na ugonjwa wa kuambukiza hapo yadini, ulikuwa huo. Mwongozaji akakaa chini kwenye kreti akashika kichwa.

"Mama Umati, hawa umewatoa wapi? Nifanyie kitu."

Mama Umati akachukua kipaza sauti. Akawaambia kila mtu akumbuke jambo lililowahi kumuudhi kuliko yote. Alikosea. Mama wa duka alimkumbuka mwenye nyumba aliyemtupia vyombo nje siku ya mvua, akaanza kusimulia, wengine wakamzunguka kumpa pole, na mstaafu mmoja akamkumbuka marehemu kaka yake, akalia kweli. Sasa yadi nzima ikawa ya huzuni.

"Penye wengi pana mengi," Mama Umati alinong'ona, akitamani kuwafukuza wote.

Baada ya chakula cha mchana mwongozaji akaja na wazo jipya. "Acheni kuigiza hasira," alisema. "Msifikirie chochote. Nitawawekea ngoma kwenye spika. Nyinyi pigeni mguu chini kwa pamoja na mseme neno moja tu: huyo! Basi. Fundi saa atakimbia, ataanguka pale kwenye godoro lililofunikwa mchanga. Mkifika kwenye mstari wa chaki, simameni."

Ngoma ikafunguliwa. Ilikuwa nzito, ya kutetemesha mabati. Watu wakaanza kwa aibu aibu, mguu, huyo, mguu, huyo. Kisha miguu ikashikana. Sauti zikawa sauti moja. Mama Umati aliyekuwa amesimama kando na kipaza chake aliona nyuso zikibadilika, na haikuwa kwa kukunja ndita kama asubuhi. Zilikuwa zimelegea, macho wazi, kama za watu wanaosikiliza kitu cha mbali. Akashangaa kuona kwamba na mguu wake yeye unapiga chini.

"Huyo! Huyo! Huyo!"

Fundi saa akakimbia, akaanguka godoroni kama alivyoelekezwa. Umati ukafika kwenye mstari wa chaki, ukaupita.

Mwanzoni Mama Umati alifikiri wamekosea tena. Akajiandaa kuwafokea. Kisha akasikia fundi saa anasema, "Basi! Basi jamani!" na fundi saa hakuwa amepewa maneno ya kusema. Shati lake likachanika. Miwani ikaruka. Mtoto mkubwa wa mama wa duka alikuwa akipiga kwa teke, na katikati yao, ameinama, kiatu mkononi, alikuwa wifi yake.

Mama Umati akatupa kipaza chini akaingia. Alifoka kwa ile sauti yake inayojulikana mtaa mzima, akiwataja mmoja mmoja na mambo ya nyumbani kwao. Siku hiyo haikufukuza hata nzi. Akamshika wifi yake begani.

"Wifi! Wifi, ni mimi!"

Wifi akageuka akamtazama kama unavyotazamwa mti ulioziba njia, akageuka tena, akainua kiatu. Hapo Mama Umati akaishiwa na la kufanya. Akajirusha juu ya fundi saa akamfunika kwa mwili wake, na kiatu kikamshukia mgongoni.

Aliyewaokoa ni fundi wa umeme. Huyo alikuwa mbali, kwenye nyaya zake, akaona mambo yameharibika, akachomoa waya mkubwa. Ngoma ikakatika. "Huyo" ya mwisho ikatoka vipande vipande, huku moja, kule nyingine, kila mtu akaisikia sauti yake mwenyewe, na mikono ikashuka. Watu wakasimama wakihema, wakitazama viatu vyao.

"Safi!" alipiga kelele mwongozaji akiwa nyuma ya kamera. "Safi sana! Hii ndiyo niliyokuwa naitaka tangu asubuhi!"

Mama Umati akainuka, mchanga umemjaa nyweleni. "Safi? Mtu anatoka damu, unasema safi?"

"Mama, ni ajali ya kazi. Tutampeleka zahanati."

Akawageukia watu wake. "Na nyinyi? Mstari hamkuuona?"

"Mama, si tulikuwa tunaigiza?" alisema seremala.

"Tuliambiwa tusifikirie chochote," alisema wa kwaya.

"Mimi nilikuwa nyuma kabisa," alisema mwingine, naye ndiye aliyekuwa mbele ya wote.

Kila aliyemuuliza hakupiga. Ukiwasikiliza, utasema fundi saa alijipiga mwenyewe. Akamwendea huyo fundi, aliyekuwa amekaa kwenye kreti na kitambaa mdomoni, akamwambia twende tukashitaki, mimi ni shahidi. Fundi saa akatikisa kichwa kwa hofu.

"Usiniharibie, mama. Wamesema nitaonekana tena wiki ijayo. Kumbe kwenye hadithi sifi."

"Mdomo umepasuka!"

"Utapona. Mke wangu ameshawaambia ndugu zake wote."

Mama Umati alikaa chini palepale mchangani. Hasira ya kweli ilikuwa imempata sasa, naye akatazama huku na huku asimpate wa kumtolea. Mwongozaji alikuwa anatazama picha zake kwa furaha. Mpigwaji ameridhika. Wapigaji hawapo. Mtunzi alikuwa amejibanza ukutani, kucha zimekwisha.

"Ulisema wanakasirika bila sababu," alimwambia. "Haya, umewaona?"

"Mimi nilitunga tu, mama," alisema mtunzi kwa sauti ndogo. "Sikujua kama inawezekana."

Yeye na wifi yake walirudi nyumbani kwa miguu. Wifi alichechemea, kwa sababu kisigino cha kiatu kimoja kilikuwa kimeng'oka. Walipita mitaa kadhaa, Mama Umati akipunguza mwendo kumngoja.

"Wifi," Mama Umati alisema mwishowe, "ulimpiga."

"Nimeona."

"Alikukosea nini?"

"Fundi saa? Hata siku moja. Mwaka jana alinitengenezea saa ya marehemu mume wangu, akanifutia na kioo." Akasimama. "Unafikiri sikumtambua, wifi? Nilimtambua. Nilijua kabisa ni yeye. Haikunizuia kitu."

Mama Umati akamshika mkono, wakaendelea kutembea. Walizoea kutaniana hawa wawili, kwa wifi na wifi ndivyo ilivyo, lakini siku hiyo utani haukuja.

Kesho yake wifi alibeba dawa na pamba akaenda dukani kwa fundi saa. Alimsafisha mdomo kwa mikono ile ile iliyowapokea watoto. Fundi saa aliona haya, akawa anarudia, "Ilikuwa kazi, dada, ilikuwa kazi tu." Walicheka kidogo. Lakini aliporudi alimwambia Mama Umati kwamba alipoinua mkono kuchukua pamba, yule bwana alijikunyata na kufumba macho.

Mama Umati akamwambia mwongozaji kwamba umati wa hasira hataleta tena. Wa harusi, sawa. Wa msiba, sawa. Akitaka wa hasira, bila ngoma, bila neno moja la pamoja, na kila mtu amsalimie kwanza kwa mkono huyo atakayekimbizwa.

"Wakisalimiana watacheka tena, mama."

"Wacheke."

"Watazamaji hawataki kicheko." Mwongozaji akainua mabega. "Usijali. Kila mtaa una watu."

Na kweli. Wiki iliyofuata alipata umati mwingine bila jasho, wala hakuhitaji mtu wa kuutafuta.

Kipande chao kilipoonyeshwa, sebule ya Mama Umati ilijaa. Mumewe, fundi wa majokofu asiyekuwa na maneno mengi, alisogeza kiti mbele kabisa. Mambo yote yale ya yadini yalikuwa yamebaki kiasi cha kupiga chafya mara mbili: vumbi, miguu, mdomo ulio wazi, kiatu kinashuka. Watu wakapiga makofi.

"Dada!" mumewe aliita kuelekea uani, kwa fahari. "Dada, njoo upesi ujione!"

"Nimeshajiona," wifi alijibu kule alikokuwa akipiga pasi, na hakuja.

Mumewe akamtazama mkewe kutaka maelezo. Mama Umati akasema atamweleza baadaye, na hakumweleza. Angeanzia wapi? Hata mgongo wake ulikuwa umeshapona, hauna alama ya kuonyesha.

Asubuhi aliamshwa na hodi. Nje walijaa majirani, wake kwa waume, wengine hajawahi kuwaona, kila mmoja amevaa shati la kuchanwa.

"Mama Umati, tuandikishe na sisi. Ile ya hasira."

"Hasira sina. Nina harusi Jumamosi."

"Harusi tumechoka nazo. Kwenye harusi mtu haonekani."

"Basi nataka watu wa kukaa kwenye benchi la hospitali na kunyamaza. Nani anaweza kunyamaza?"

Wakatazamana. Mmoja akaguna, wengine wakaanza kutawanyika wakinung'unika kwamba mama huyu siku hizi anaringa. Mama Umati akasimama mlangoni na kanga yake kiunoni akiwahesabu waliobaki. Hawakutosha hata kujaza benchi moja. Akaingia ndani kumwomba wifi yake, na wifi akasema sawa, kunyamaza anaweza, mradi wasimwekee muziki.