Tumpe Alipokuja Kuimba Sehemu Yake

Unaweza kucheka, lakini nilikuwepo, na haya yalitokea mchana kweupe.

Kwaya yetu ya Mpuguso ilikuwa inarekodi upya igizo la nyimbo la kale la Kizungu, ambalo wazee wetu waliwahi kuliimba kwenye kaseti. Ni kisa cha baba aliyeweka nadhiri vitani, nadhiri ikamla binti yake wa pekee. Binti huyo miaka yote aliimbwa na mwenzetu Tumpe. Sauti yangu, niamini, haikuwa chini ya yake. Lakini Tumpe akiwepo, nani alinisikia mimi? Homa ikamchukua, tukamzika migombani kwao Kisondela, sehemu nikapewa mimi.

Sasa, kwetu anayerithi sehemu ya marehemu huiimba kwanza kaburini, kumwomba ruhusa. Sikwenda. Nimwombe Tumpe hata akiwa chini ya migomba?

Siku ya kurekodi mvua ikapiga bati, fundi mitambo akazima, wote wakakimbilia chai jikoni. Nikabaki kanisani peke yangu nikifanya mazoezi. Akaingia mwanamke mwenye sare yetu, kajitanda khanga. Mvua yote ile, na alikuwa mkavu! Khanga ikateleza. Alikuwa Tumpe.

"Ndaga, dada," akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Umenishikia vizuri. Sasa nipishe."

"Nimepewa na mwalimu!" nilisema. Unadhani niliogopa? Wivu ulitangulia.

Akasimama hapo hapo niliposimama, baridi ikaniingia hadi kooni. Mvua ilipokatika wenzangu wakarudi, na hakuna aliyemwona. Fundi akawasha mitambo. Nikafungua kinywa, ikatoka sauti yake. Nilijaribu kukifunga, hakikufungika mpaka binti akafa kwenye wimbo. Fundi alikuwa analia.

Leo rekodi hiyo inapigwa hadi Lupepo, na watu wananipongeza njiani. Mama yake Tumpe aliisikiliza kwenye simu, akanikumbatia: "Ndaga fijo, mwanangu. Umenirudishia mtoto."

Hata kumbatio lile halikuwa langu. Tangu siku ile nikiimba hutoka mkwaruzo tu, na wivu bado unaniunguza, tena wa kumwonea maiti.

Wewe unayesubiri nafasi ya mtu, akifa nenda kaburini kwake ukaombe. Uombe huku meno umeyauma, lakini uombe.