Koga Kwenye Tenga la Kidawa

Iliamuliwa, na mpiga mbiu akaizungusha amri hiyo kijiji kizima cha Kiegeani, kwamba kambakoche wa Mafia hawaugui. Kwamba weupe ulioonekana juu yao ni unga wa mchele, uliopakwa na Kidawa binti Shamte ili kuiharibu karamu ya Akida. Na kwamba kwa hiyo mwanamke huyo asikanyage tena mwambani.

Kidawa alikuwa mjane, na mwamba ndio uliomlisha. Maji yakitoka alikwenda kuchokoa pweza, na kambakoche aliowapata aliwaweka hai katika tenga lililozamishwa ufukoni. Wenye mayai walikuwa na tenga lao. Hao, kama alivyofundishwa na mama yake, hufunikwa kaniki na hawatazamwi mpaka watoto watoke, maana mimba hupatwa na kijicho, iwe ya mtu au ya mdudu. Hoja nzuri. Ila kaniki ikimziba jirani macho, humziba na mwenyewe.

Basi Akida Hamoud akapata habari kwamba Mjerumani wa boma la Chole angekula kwake Ijumaa. Akamtuma askari wake, Mbaraka, awachukue wale wa mayai, ndio wanono.

Kidawa akavuta tenga, akafunua kaniki, akakaa papo hapo majini. Mayai aliyoyaacha na rangi ya chungwa yalikuwa yameota koga, nyuzi nyeupe kama usufi, tumbo zima. Wengi walikwisha kufa. Mmoja alikuwa hai, akiyapapasa mayai yake kwa mguu wa nyuma, taratibu, nayo yakimwagika.

"Unga huu, Bi Kidawa," alisema Mbaraka.

"Mwanangu, unga gani unaokaa majini?" "Wallahi sijawagusa. Tangu niwafunike sijawatazama."

"Umewafunika wewe, hakuna aliyewatazama. Sasa nani kawapaka?"

Kidawa alikuwa bado anamtazama yule mmoja aliye hai. Mbaraka akabeba kambakoche pamoja na hoja yake mpaka kwa Akida, ambaye hakuwa amepata kuona kambakoche mgonjwa, na kwa hiyo alijua hawapo. Amri ikatoka jioni ile.

Kwa kuwa unga huoshwa, Akida akamwagiza mkewe, Hafidha, awaoshe awapike. Hafidha akaosha. Akabadili maji, akaosha tena, weupe usitoke, kisha akamwita mumewe jikoni atazame mwenyewe. Akida akatazama kwa muda, pua ameiziba kwa kilemba.

Amri haikufutwa, na Kidawa hakurudi mwambani. Ijumaa Mjerumani aliandaliwa kuku.