Fungu la Kasa

Bi Mwanahawa wa Cheyo, mtaa wa Tabora, alikwisha pita miaka sitini alipoamua kwamba lazima aione bahari. Naye akishaamua jambo, nyumba nzima haina la kufanya ila kutafuta kamba za kufungia mizigo. Bahari yenyewe hakuitaka yote. Alitaka kisiwa kimoja tu, Fungu la Kasa, kilichokaa mbele ya kijiji alikozaliwa mama yake, kaskazini ya Bagamoyo. Kilikuwa mchanga mtupu na mivinje michache, na kazi yake, alivyosimuliwa, ilikuwa kuyavunja mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba za watu. Mama yake aliolewa huko na mpagazi wa Kinyamwezi aliyeteremka na pembe za ndovu, akapanda naye bara kwa miguu miezi mitatu, akafia Tabora bila kurudi. Alikuwa akikisimulia kisiwa kile kila akimsuka mwanawe nywele, mpaka mtoto akakijua kama ua wa nyumba yao.

Haraka ilitokana na macho. Daktari alisema ni presha ya macho, nayo haiponi. Anachokiona leo kesho kitapungua. Kando zote mbili giza lilikwisha tanda. Mbele, kwenye kitundu kilichosalia, aliona vizuri bado, hata sindano alitunga mwenyewe na kuwacheka wanaomsaidia.

Mwanawe wa pekee, Twalibu, alikuwa fundi seremala karakana ya reli, na kila baada ya miaka miwili alipata pasi ya treni ya familia nzima. Huyu alikuwa mtu wa mipango. Alinunua daftari la shule, akaandika nani atalala kitanda kipi ndani ya behewa, nani atashika birika, na siku watakayokaa ufukweni watoto watachimba mchanga upande gani. Mkewe, Swaumu, alimuuliza kama bahari nayo ameiandikia zamu. Safari ikapangwa Desemba ya mwaka sabini na nane.

Vita vya Uganda vikaingia. Likizo zikasimamishwa, treni zikabeba askari. Ungegombana na nani? Twalibu alisimama mlangoni akimtazama mama yake anarudisha kanga mpya sandukuni, moja moja, akizipapasa pindo ili zisijikunje. Miaka miwili kwa mtu mwenye macho ni kitu kidogo. Kwa Bi Mwanahawa ilikuwa karibu yote aliyobakiwa nayo.

Mwaka wa themanini pasi ikatoka tena. Barua ya balozi wa nyumba kumi ikapatikana, asali ya zawadi ikajazwa kwenye dumu, sukari ikapangiwa foleni tangu alfajiri. Na kwa kuwa huko hakuna simu, Twalibu alimtuma mtu akawaarifu jamaa: Raymundi, mhudumu wa treni, Mzigua wa upande ule ule.

Sasa, Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na Raymundi alikuwa mtani aliyekubuhu. Hakuna siku alifika Tabora asimpokonye Twalibu kofia kichwani na kuishikilia mpaka apewe chai na karanga. Mwaka mmoja alituma habari kwamba amefariki Dodoma. Mafundi wa karakana, kwa huzuni na kwa desturi, wakamtafutia sanda, na nguo wakati ule ilikuwa haionekani madukani. Wiki iliyofuata marehemu akashuka kwenye treni, akaichukua sanda yake akashonea suruali. Nani angemkasirikia? Mtani hakasirikiwi.

Raymundi alirudi siku moja kabla ya safari, akaja moja kwa moja nyumbani Cheyo. Familia ilikuwa imekaa uani katikati ya mizigo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mtani. Umekuja kuibeba asali yetu?"

"Bibi, nimetoka kule. Fungu la Kasa halipo."

"Limekwenda wapi, sokoni?"

"Limeliwa na maji. Mivinje ilianza kuanguka mwaka juzi, na mvua zilizopita mchanga wote ukazama. Haki ya Mungu."

Bi Mwanahawa alicheka mpaka akajifuta machozi. Swaumu akacheka, watoto wakaanguka mkekani. "Wazigua nyie," alisema bibi, "mmeshindwa kuwatisha Wanyamwezi kwa simba, sasa mnawaficha kisiwa!"

"Kisiwa kizima umekimeza?" Twalibu akadakia. "Ndiyo maana tumbo limekutoka."

"Twalibu, nasema kweli."

"Hata ulipokufa Dodoma ulisema kweli."

Raymundi aliwatazama mmoja mmoja, akaitazama mizigo, kisha akaaga na kwenda zake kuiwahi treni ya Kigoma. Kicheko kiliendelea nyuma yake.

Twalibu alipokuwa anatawadha kwa ajili ya alasiri ndipo alipopeleka mkono kichwani avue kofia. Ilikuwapo. Raymundi hakuipokonya, wala chai hakudai. Maji yote yakamwagika kutoka kwenye birika, naye amechuchumaa tu.

Amwambie? Mama yake alikwisha aga Cheyo nzima na Gongoni yote. Asubuhi ile alikuwa amejipima macho kwa kusoma nembo ya kibiriti, akasema, "Yatanifikisha." Na labda kipande kimesalia. Labda yule Mzigua aliacha kofia makusudi, utani juu ya utani. Twalibu alijua anajidanganya, na hakuwa na nguvu ya kuacha. Akalifungua daftari lake la mipango akatafuta pa kuandika jambo kama hili, hakupaona.

Wakasafiri. Treni, basi, kisha mwendo wa miguu kwenye minazi, dumu la asali likimkata Twalibu mabega. Walifika kijijini asubuhi, na kabla hawajafika kwa jamaa Twalibu aliyaona mawimbi, hayakuvunjwa na kitu, yanapanda mpaka kwenye kuta za nyumba za mwanzo. Mbili zilikwisha bomoka. Bahari mbele ilikuwa tupu.

Bi Mwanahawa hakutaka kupita kwa jamaa kwanza; alivaa kanga yake mpya, akaomba ashikwe mkono mpaka majini. Akanyoosha uso.

"Nielekeze."

Twalibu alimshika mabega akamgeuza pale ambapo kisiwa kilipaswa kuwa. Mama akatazama. Akasogeza kichwa taratibu, kushoto, kulia, akikilenga kitundu chake.

"Sikioni, Twalibu."

"Kipo, mama." Ulimi ulisema wenyewe. "Kipo mbele yako hapo. Ni macho tu. Mivinje mitano, na mchanga mweupe, kama alivyosema bibi." Akaendelea, maneno yale yale ya marehemu bibi yake, na machozi yanamtiririka bila sauti. Swaumu aliinamisha kichwa. Afadhali ayalaumu macho kuliko kukikosa kisiwa, Twalibu aliwaza. Macho, amekwisha zoea kwamba yanakufa.

Mama yake alimwacha amalize. Alikuwa bado anatazama palepale, mbali.

"Kuna mtumbwi," alisema. "Mtu mmoja ndani yake, anachota maji kwa kopo. Kopo jekundu."

Twalibu akanyanyua uso. Kweli, mtumbwi ulikuwapo, mdogo sana, na mvuvi ndani yake anainama na kuinuka, na kopo jekundu mkononi.

"Anavua pale kilipokuwa kisiwa," alisema Bi Mwanahawa, akautafuta mkono wa mwanawe akaushika. "Macho yangu mazima leo, baba. Usiyasingizie."