Mifereji Miwili

Kila Aprili, theluji ikishaisha Ohio, Lorraine humwona jirani yake akiandaa uwanja wake wa nyasi, akianza na vijiti. Huviokota kimoja kimoja, akiguna kama mtu aliyepoteza funguo. Kisha huchana majani makavu kwa reki, hunoa kisu cha mashine ya kukatia nyasi kwa tupa, hukijaribu kwenye ukucha, hunoa tena. Hupima nyasi kwa rula ya shule. Zisipofika kimo cha kukatwa, hurudi ndani bila kinyongo.

Mwaka huu alifukia kila shimo, isipokuwa mifereji miwili iliyotoka mlangoni hadi barabarani. Lorraine akamwita kutoka uzioni, "Jirani, hapo umeruka! Mashine itakwama."

"Sijaruka."

"Sasa?"

"Ni alama za magurudumu ya machela ya ambulensi. Walimtoa mke wangu Februari, hakurudi tena. Ardhi ilikuwa tope."

Lorraine akaitazama mashine. "Basi utakataje?"

"Nitaibeba mashine."

Akawasha mashine. Alipoifikia mifereji aliizima mashine, akaibeba kifuani, akavuka, akaiwasha tena. Akageuka kuanza mstari wa pili. Lorraine alihesabu mistari hadi kumi na mmoja, kisha akaruka uzio, akashika upande mmoja wa mashine.