Siku Niliyopima Diski Mbele ya Wazee

Haya, nitasema, lakini mkicheka mcheke polepole, maana hadi leo nikipita Isiolo kuna watu wananiita Mama Diski, na jina hilo nililitafuta mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, nikiwa karani wa kupiga taipu katika mradi wa maji, na mradi ulikuwa umeletewa kompyuta (ya kwanza mimi kuiona kwa karibu), nikapelekwa Meru kozi ya wiki mbili, nikarudi ofisini kwetu Chechelesi, pale Isiolo, natembea kama daktari. Mwezi mzima niliingiza humo majina ya familia za vijiji vya Kipsing na Gotu zitakazochimbiwa visima, na siku ya kuyasoma, mkubwa wangu, Bwana Halkano, akaita wazee waje waone hiyo mashine.

Tukisubiri chai, Mzee Lokwang wa Gotu akaigusa kwa ncha ya fimbo, akauliza, "Mama, hii sanduku inabeba watu ngapi?"

Ningesema sijui, mambo yangeishia hapo. Lakini Bwana Halkano alikuwa ananitazama kwa fahari, nami nikajibu, "Ngoja tuiulize yenyewe."

Kulikuwa na amri ya kuuliza ukubwa wa diski, tulifundishwa, ila ilikuwa imenitoka kabisa. Nilichokumbuka ni kwamba kwenye kozi tukiandika FORMAT, ile diski ndogo ya kuchomeka ikimaliza kuguruma, mashine inaandika ina nafasi kiasi gani. Basi nikaandika FORMAT, nikaweka C, herufi ya diski ya ndani. Likatokea onyo refu la Kiingereza, mwisho linauliza Y au N, na mimi (nani anasoma onyo huku wazee wanamtazama?) nikabonyeza Y.

Ikaguruma mpaka chai ikaisha. Hatimaye namba ikatoka, nikaisoma kwa sauti ya mtangazaji: "Herufi milioni ishirini na moja, na nafasi yote iko." Wakanipigia makofi.

"Sasa waonyeshe majina," akasema Bwana Halkano.

Nikaita orodha. Hakuna faili. Nikaita tena, jasho linanitoka. Hakuna. Hapo ndipo nilipoelewa maana ya "nafasi yote iko": kumbe FORMAT hufuta kila kitu kilichomo. Na karatasi zilizokuwa na majina, nilipomaliza kuyaingiza, nilikuwa nimeziwashia jiko, si kompyuta iko?

"Yamefutika," nikasema, machozi yakanitoka. Bwana Halkano akaketi.

"Kwa hivyo ni kubwa," akasema Mzee Lokwang taratibu, "lakini iko tupu."

Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata Bwana Halkano, hata mimi na machozi yangu. Kisha mzee akavuta kiti. "Usilie, mama. Watu hawajafutika. Chukua kalamu." Akaanza na boma la kwanza la Gotu, baba, wake, watoto, akaenda hivyo hadi la mwisho, na wazee wa Kipsing wakashika zamu yao wakibishana na kutaniana, nami naandika mpaka mkono ukafa ganzi. Orodha ikatoka na familia mbili ambazo mwanzoni nilikuwa nimeziruka.

Amri yenyewe niliambiwa baadaye: CHKDSK, herufi sita tu. Lakini tangu siku hiyo, mtu akiniuliza nisichokijua, namwambia sijui, licha ya kozi yangu yote ya wiki mbili.