Makokwa ya Bibi Yalikuwa Mabichi

Juzi nilikaa katika baa moja ya Gisimenti, hapa Kigali, ghorofa ya pili, upande wa barabarani, nikaagiza mshikaki na ndizi za kuchoma. Mhudumu alipoondoka nikachungulia chini, ndipo nikatambua nimekaa wapi. Hapa hapa, kwenye urefu huu huu, palikuwa na tawi la mparachichi wa Bibi. Utotoni nililikalia hivi hivi, miguu ikining'inia. Tofauti ni kwamba siku hizi kiti ninakilipia, na uwezo huo ninao.

Mti ule tulikua pamoja. Tuliporudi Rwanda kutoka Karagwe mimi nikiwa mgongoni, Bibi alikula parachichi juu ya lori, akafunga kokwa lake kwenye pembe ya kitenge. Alilipanda nyuma ya nyumba tuliyopata kabla hata hatujaweka mlango. Ulipoanza kuzaa, mtaa mzima ulijua. Nyama ya parachichi lake ilikuwa ya manjano, laini kama siagi, haina uzi hata mmoja, na kwa mbali ina ladha ya karanga. Tulilila na maharage na chumvi, basi, nyama ya nini tena. Likianguka kwenye mabati ya jiko, pa, watoto tuliacha mpira tukakimbia. Kazi yangu ilikuwa kufagia majani kila asubuhi, na sikulalamika, maana mfagiaji ndiye aliyeyaona ya chini kwanza.

Bibi hakuwa mchoyo. Kila aliyeonja alipewa kokwa akapande kwake. Miaka ikapita, nami nikaingia sekondari, ndipo miti ya majirani ikazaa. Huyu alipata maparachichi ya majimaji, yule yenye nyuzi, mwingine machungu kama dawa. Jirani wa ukuta kwa ukuta, mama aliyekaanga chapati asubuhi, ndiye aliyesema kwanza. Alimwita Bibi mukecuru, kama wenyeji wanavyomwita mama mzee kwa heshima, lakini siku hiyo heshima iliishia kwenye jina.

"Mukecuru, mbegu unatupa, utamu unabaki nao. Uliyachemsha."

"Kokwa lililochemshwa linaota?" Bibi akauliza.

"Ulilipitisha tu kwenye maji ya moto. Liote bila akili."

Watu walicheka, na maneno yakashika. Shuleni nikaitwa mjukuu wa mchemsha makokwa. Tangu hapo Bibi alipasua kila parachichi mbele ya mgeni, akainua kokwa likiwa linang'aa kwa ute: "Ona mwenyewe, ni bichi." Haikusaidia. Waliobisha hodi kuomba walipungua, na mwanamke aliyezoea kulisha mtaa akawa anakula kwenye ngazi peke yake. Hilo liliniuma kuliko lile jina.

Nilikwenda Tanzania kusomea kilimo cha matunda. Sikuwa na mjomba wa kunilipia karo. Niliotesha miche nyuma ya bweni nikaiuza, nikajisomesha, na diploma nikaipata kwa jasho langu. Siku moja darasani mwalimu akasema kokwa la parachichi halirithi ladha ya mama yake, kila kokwa huleta mti wenye tabia zake. Ukitaka ladha ile ile, unabebesha: unakata kikonyo, yaani ncha ya tawi, unakiunga kwenye shina la mti mwingine. Nikacheka kwa sauti, darasa zima likageuka. Hawakujua kwamba Bibi yangu ameshinda kesi.

Niliporudi Kigali nilikuta kiwanja kimeuzwa, Bibi amepangiwa chumba kwa watu, na mti utaangushwa wiki ile ile. Nikapanda kwa mara ya mwisho, nikakata vikonyo, nikavifunga kwa kitambaa kibichi. Vingine nilivibebesha Batsinda, pembezoni mwa mji, nilikoanzisha kitalu changu na kumhamishia Bibi. Lakini kesi inataka shahidi. Nikaenda na vilivyobaki hadi kwa mama wa chapati.

"Nataka kuukata mparachichi wako hadi kiunoni," nikamwambia. "Nibebeshe wa Bibi juu yake. Iwe leo, vikonyo havingoji."

"Bibi yako alichukua utamu. Wewe umekuja na diploma kuchukua mti?"

"Visiposhika nitakukandia unga wa chapati kila asubuhi hadi nizeeke."

Akaniangalia mikono. "Hiyo ya ofisini? Utaniharibia wateja." Lakini msumeno aliuleta mwenyewe.

Kisiki kile kikawa kichekesho cha mtaa. Kila nilipopita waliniuliza, "Daktari, mgonjwa ameamka?" Nami nilipita kila Jumapili, nimevaa vizuri makusudi. Vikonyo vikachipua. Mwaka wa tatu vikazaa.

Nilimleta Bibi kutoka Batsinda akiwa na kitenge kipya. Mama wa chapati alipasua parachichi mwenyewe, akalipaka kwenye chapati ya moto, akanyunyiza chumvi. Akatafuna amefumba macho. Akapasua la pili kabla hajasema lolote.

"Ni lile, mukecuru. Ni lile lenyewe. Yale maneno yangu, unisamehe."

"Maneno gani?" Bibi akasema. "Mimi nangoja chapati."

Leo parachichi lile liko kwenye bustani za matajiri wa Kimihurura, ambako walinzi wananifungulia geti kabla sijapiga honi. Wateja hawaulizi jina la kitaalamu, wanasema nipe ya Mukecuru. Wenzangu diploma zao ziko ukutani. Yangu inazaa.

Mti wenyewe haupo. Jiko la mabati halipo, na ule mlio wa pa sijausikia tena popote. Nyumba zetu za sasa zina dari. Lakini nenda Batsinda asubuhi utamkuta Bibi kwenye kiti chake mlangoni mwa kitalu. Mteja akija anampasulia moja aonje, na kabla hajampa, anainua kokwa juu.

"Ona mwenyewe," anasema. "Ni bichi."

Wateja ni vijana, hawajui kesi hiyo. Wanaitikia kwa heshima, kisha wanakula.